Watoto 25, uwanja wa mwamba na upepo wa ziwa: nipangeje sherehe ya pacha wangu?

Mama Kulwa, Pasiansi
Wadau, habari za jioni. Kulwa na Doto wanatimiza miaka 5 mwezi wa kumi na moja, nataka niwafanyie sherehe Jumamosi nyumbani. Nimealika watoto 25, wa miaka 3 hadi 8, na wazazi kama 12. Nyumba iko mlimani hapa Mwanza, karibu na Ziwa Victoria, uwanja mkubwa ila nusu yake ni mwamba. Nilifikiria saa 9 alasiri hadi saa 1 usiku. Je, nikodi lile puto kubwa la kurukia? Keki ya kilo ngapi (nataka nioke mwenyewe)? Na chakula nipike kiasi gani?

Fundi Maturubai
Mama Kulwa, anza kwa kubadilisha saa. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, hewa ya ziwani inavutwa kuja huku, na ninyi wa mlimani mnaipokea yote. Alasiri mishumaa haikai na vitambaa vya meza vinapeperuka. Novemba nayo ni vuli. Giza likiingia, taa zinaita vijidudu vya ziwani, vinatua kwenye krimu ya keki kwa mamia. Saa 4 asubuhi hadi saa 7 na nusu mchana panatosha, kwani wale wa miaka 3 baada ya hapo wanaanza kulia usingizi. Turubai weka hata kama anga ni jeupe.

Puto la kurukia liache. Viwango vya Ulaya vinataka lifungwe sehemu zisizopungua 6, na lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Kwenye mwamba vigingi haviingii, kwa hiyo kila sehemu inahitaji uzito wa kilo 160 hivi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga ni kama kilo 30. Hesabu mwenyewe: ndoo 6 kwa kila sehemu, jumla ndoo 36. Mwenye puto akikwambia atalifunga kwenye jiwe na mpapai, mkatalie. Kingine ni umeme. Ukikatika, feni inasimama na puto linanywea watoto wakiwa ndani.

Badala yake fanya rede, kukimbia na magunia, kijiko na ndimu, viti na muziki. Kila mchezo dakika 15, halafu ubadilishe kabla hawajauchoka. Watenge: wa miaka 3 na 4 upande wao, wakubwa upande wao. Wakichanganywa, wadogo ndio wanaoangushwa.

Mwokaji wa Kirumba
Pacha wapewe keki mbili, kila mmoja azime mishumaa yake. Moja ya kilo 3 italeta ugomvi mbele ya wageni, na kuisafirisha au kuihamisha ni kazi. Oka mbili za kilo 1 na nusu.

Tatizo kubwa la keki za Mwanza ni vipimo vya Pwani. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na wewe uko juu zaidi. Huku hewa haikandamizi sana kama Pwani, hivyo keki inaumuka haraka kabla ya kuiva katikati, kisha inabonyea. Wengi wanadhani wamefungua oveni mapema, wanaongeza beking pauda, na inazidi kubonyea. Punguza.

Kwa keki zote mbili: unga gramu 750, majarini gramu 600, sukari gramu 550, mayai 12, maziwa mililita 300 na vijiko vikubwa 6 vya ziada kwa sababu unyevu unapotea upesi. Pale wanapoandika vijiko vya chai 6 vya beking pauda, weka 5 na robo. Saga majarini na sukari mpaka viwe vyeupe, ndipo uingize mayai moja moja. Mayai yakitoka kwenye friji moja kwa moja, mchanganyiko unakatika. Chombo kiwe na upana wa sentimita 23 na kina cha 7, usijaze kupita nusu. Kama unatumia mkaa, mwingi ukae juu, mchache chini.

Oka Ijumaa. Krimu ya majarini (gramu 250 kwa sukari ya unga gramu 500) inavumilia joto letu kuliko ya siagi, na ile ya kupigwa ya maziwa haifai nje kabisa. Paka keki ikiwa imepoa hadi katikati, la sivyo krimu inateleza yote.

Mama Lishe Igoma
Ukiwajumlisha pacha, watoto ni 27. Pika pilau: sahani ya mtoto ni gramu 80 za mchele mbichi, ya mtu mzima gramu 150. Jumla kilo 4, na nyama kilo 2 isiyo na mfupa. Sufuria iwe ya lita 20. Mchele mpya haunywi maji mengi: anza na lita moja na nusu ya supu kwa kila kilo, uongeze kidogo kidogo. Pilipili ikae pembeni.

Samaki: usiwape watoto sato mzima, ana miiba. Nunua minofu ya sangara kilo 2, kata vidole vya gramu 30, kaanga. Kila mtoto anapata viwili na vinabaki vichache. Juisi lita 12 inatosha. Tafadhali, barafu ya mwaloni ni ya kupozea samaki. Izungushie chupa kwenye beseni, usiitie ndani ya juisi.

Karanga, bisi na pipi ngumu visiwafikie wa chini ya miaka 4. Vipande vya maputo yaliyopasuka viokotwe hapo hapo, vinaziba koo.

Mama Kulwa, Pasiansi
Asanteni sana, nimeandika yote. Baba yao anasema kama uwanja ni mwamba, tuhamie ufukweni. Mnaonaje?

Dada wa Bwiru
Shemeji ana nia njema, ila hapana. Kichocho kinaingia kupitia ngozi mtoto akichezea maji, na vimelea vinatoka kwa wingi kwenye konokono jua likiwa kali, yaani saa zenu zile zile za sherehe. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka 5 akae mita 20 kutoka majini asiyaguse. Mkilazimika kwenda, tafuteni eneo lenye uzio, na kila watoto wawili wa chini ya miaka 6 wawe na mtu mzima mmoja asiyeshika simu wala sahani. Wazazi 12 wanatosha watoto 24 tu wa umri huo, hivyo huenda asibaki wa kupakua pilau.