Sera moja ya uzazi Afrika Mashariki nzima, itapunguza watoto au itaongeza vikao?

Wakuu salaam. Kuna hoja kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zitunge sera moja ya idadi ya watu yenye lengo la pamoja la kushusha uzazi, yaani ikifika mwaka fulani kila nchi iwe imeshuka hadi wastani fulani wa watoto kwa mwanamke. Wanaoitetea wanatolea mfano Afrika Magharibi, mwaka 2017 wabunge wa nchi za ECOWAS (jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi) pamoja na Chad na Mauritania walikutana Ouagadougou wakakubaliana wastani uwe watoto watatu hadi kufikia 2030. Niseme mapema nisije nikatukanwa bure, mimi naunga mkono uzazi ushuke, ila hii ya namba moja kwa nchi nane naona ni porojo za kwenye makongamano.

Hebu tujiangalie kwanza. Utafiti wa 2022 uliikuta Kenya kwenye wastani wa watoto 3.4 kwa mwanamke, Tanzania mwaka huohuo ikawa 4.8, Somalia ule wa 2020 ulitoa 6.9. Na hata hiyo Kenya ya 3.4 ndani yake kuna kaunti ya Mandera yenye 7.7. Sasa ukiandika "watatu" kwenye karatasi, Kenya inabaki kidogo tu ifike bila Jumuiya kuigusa, na Somalia wanakuchekea maana hapo hujagusa hata robo ya kinachowafanya wazae hivyo.

Kenya yenyewe ndo shule yetu. Mwishoni mwa miaka ya 70 walikuwa kwenye 8.1, wakashuka hadi 4.7 mwaka 1998, halafu 2003 ikapimwa tena ikakutwa 4.9, yaani imegoma kabisa! Sera ilikuwepo muda wote huo, na maofisa walikuwepo. Kilichoyumba ni hela na huduma, Ukimwi ulikuwa umemeza kila kitu hadi uzazi wa mpango ukasahaulika. Walivyorudisha nguvu ikaanza kushuka tena. Hapo karatasi ilisaidia nini?

Najua watakuja wale wa "ardhi ipo tele" na "kila mtoto na riziki yake". Sawa, riziki anayo, ila dawati je? Tanzania sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 tukawa milioni 61.7, hao milioni 17 karibu wote wanataka shule, zahanati na baadaye ajira, na serikali hata ikijenga usiku na mchana inakuwa inakimbizana na kivuli chake. Tena kuna jambo wengi hawalijui, hata leo kila mwanamke akisema wawili wananitosha, bado tutaendelea kuongezeka kwa miongo kadhaa kwa sababu mabinti watakaozaa kesho wameshazaliwa tayari na ni wengi mno, kwahiyo mwenye wasiwasi kwamba taifa litaisha watu apumzike.

Kwa upande mwingine wanaoogopa kwamba watu watalazimishwa siwalaumu hata kidogo. India 1975 hadi 1977 mamilioni ya wanaume walifungwa uzazi, wengi kwa kubanwa, na Indira Gandhi akaangushwa kwenye uchaguzi wa 1977. Uchina walikaza mtoto mmoja tangu 1980 mpaka 2015, leo wanaruhusu watatu na watu hawazai. Ukianza kumhesabia mtu watoto, siku ya kumwambia vinginevyo hakusikii tena. Na sisi wenyewe tumeyumba, 2018 Magufuli akiwa Meatu aliwaambia watu waachane na uzazi wa mpango, na muda si mrefu wizara ya afya ikaandika barua matangazo ya uzazi wa mpango yasimame redioni na kwenye tivii.

Sasa njoo zahanati ya kijijini uone sera inapofia. Mama ana mtoto wa miezi minane mgongoni, katembea na jua lake kuja kuchoma sindano ya miezi mitatu, anaambiwa sindano zimeisha, kijiti kipo ila nesi aliyefundishwa kuweka yuko semina, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo ni msimu wa kupalilia, harudi. Akija tena ni kliniki ya wajawazito. Huyu hakuhitaji kuelimishwa, alishaelimika ndo maana alikuja!! Na tangu Marekani ikate misaada 2025, nayo ndo ilikuwa serikali inayotoa hela nyingi kuliko zote kwenye mambo haya, stoo kama hizo zimezidi kuwa za kubahatisha.

Kwahiyo kama Jumuiya inataka kazi, zipo ambazo nchi moja moja haziziwezi vizuri. Nunueni sindano, vijiti na vitanzi kwa pamoja, oda ya nchi nane inashusha bei na mtengenezaji anakusikiliza. Halafu umri wa ndoa uwe 18 kote bila kona kona. Sisi Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti wa 15 aolewe mzazi akikubali, Mahakama Kuu 2016 ikatoa mwaka mmoja irekebishwe, serikali ikakata rufaa, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa, na mwaka ukapita tena hivihivi. Binti akianza kuzaa na miaka 16 hesabu yako ya watatu imeshaharibika kabla hujafungua kikao.

Wanaotaka lengo la namba naombeni mnijibu hili moja tu: nchi ikishindwa kufika, inafanywa nini, na nani atakayebanwa, waziri au yule mama?