Tupeane uzoefu: kibodi na mausi za zamani, draiva mlizipata wapi?

Wakuu, habari za muda huu. Nina duka dogo la steshenari Morogoro, mashine tatu, zote mtumba. Wiki iliyopita nilibadilisha CPU moja (kasha zima la kompyuta), na kibodi yangu nzito, ile ya plagi ya duara ya zambarau, ikabaki haina pa kuchomekwa. Nikanunua kiunganishi kidogo cha kuigeuza iingie USB. Kimya. Nikadhani shida ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha mashine kuelewana na kifaa. Bando la GB 2 likaisha nikitafuta, nikapakua na programu moja inayojitangaza kwamba inatafuta draiva za kila kitu, ikanijazia matangazo mashine nzima.

Kumbe kile kiunganishi ndani yake ni waya mtupu. Kinasaidia kibodi iliyotengenezwa tangu kiwandani ijue PS/2 (hiyo plagi ya duara) na USB pia. Yangu inajua PS/2 peke yake. Jirani akaniazima kigeuzi chenye chipu, kile chenye kimkia cha waya na matundu mawili, zambarau na kijani. Nilipochomeka tu, taa ya Num Lock ikawaka. Sikuweka draiva yoyote.

Inaniuma kuona vifaa vizima vinatupwa jalalani. Wewe kilikukuta nini? Taja kifaa, mashine, na kilichokusaidia.

fundi_wa_kona
Mkuu, umefanya vizuri kuleta hii. Mimi ilikuwa Windows 7. Mteja ana programu ya zamani ya hesabu za duka, hataki kusikia toleo jingine. Bodi yake (ubao mkuu wa mashine) ni ya Intel kizazi cha sita. Nikaweka flashi, ukaja ukurasa wa kuchagua lugha, mausi imeganda, kibodi imeganda. Nikirudi kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla Windows haijawaka, kibodi inaandika vizuri kabisa! Nilibadilisha kibodi tatu kabla sijaelewa.

Windows 7 ilitoka 2009 na haikuja na draiva ya USB 3.0. Bodi za kizazi kile matundu yote ya USB yanaongozwa na kidhibiti cha USB 3.0, hata yale meusi usiyoyadhania. Nyuma kulikuwa na tundu moja la duara, nusu zambarau nusu kijani. Nikatoa kibodi ya PS/2 stoo, nikaipangusa vumbi, nikapiga window mwanzo mwisho kwa Tab, mishale na Enter. Mwisho nikaweka draiva ya USB kutoka CD ya bodi, mausi ikaamka. Ile kibodi siigawi kwa mtu.

mzee_wa_bando
Nyongeza fupi: PS/2 zima mashine kwanza, chomeka, ndipo uwashe. Ukichomeka mashine ikiwa inawaka, mara nyingi haitambuliki mpaka uristati. Na chungulia pini ndani ya plagi. Yangu moja ilikuwa imelala, nikaiinua taratibu kwa sindano ya kushonea.

binti_mombasa
Yangu ilihusu draiva kweli, ila iliyozidi. Nilikuwa na kibodi ya zamani yenye vitufe vya muziki, ilikuja na CD yake. Baada ya miaka nikaiondoa ile programu. Nilipowasha tena, hakuna kibodi inayoandika, hata mpya kutoka dukani. Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, inaonyesha alama ya njano na Code 39.

Nikafungua kibodi ya kwenye skrini kwa mausi, nikaandika regedit (inafungua mipangilio ya ndani ya Windows) herufi moja moja. Nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Class, kisha folda inayoanza na {4D36E96B. Mle kuna UpperFilters, orodha ya draiva zinazopakiwa kwa ajili ya kibodi. Yangu ilikuwa na mistari miwili: kbdclass, ambayo ni draiva ya Windows yenyewe, na jina la ile draiva niliyoifuta. Windows ilikuwa inaisubiri draiva ambayo haipo tena. Nikafuta mstari ule, nikaristati, kibodi zikarudi. Jamani, kbdclass msiiguse, mkiifuta kibodi zote zinakufa. Na mtoe nakala ya hiyo folda kwanza.

wa_bujumbura
Hapa kwetu ofisi nyingi zina AZERTY, kibodi zenye mpangilio wa herufi wa Kifaransa. Bosi aliletewa mashine ya Dubai, akachomeka kibodi yake ya siku zote, nywila ikakataa, akaagiza itafutwe draiva. Angalieni: ukibonyeza A inatoka Q, basi kibodi ni nzima, kilichobaki ni kubadilisha mpangilio wa lugha. Nilichagua Kifaransa palepale kwenye ukurasa wa kuingilia, akaingia.

fundi_wa_kona
Ambaye kweli anahitaji draiva: Device Manager, bonyeza kulia kwenye kifaa, Properties, Details, kisha Hardware Ids. Utaona VID (namba ya mtengenezaji) na PID (namba ya kifaa), kila moja ina alama nne, tarakimu au herufi. Hizo ndizo za kutafutia, kwenye tovuti ya mtengenezaji au Microsoft Update Catalog. Na kama Windows yako ni ya biti 64, draiva ya biti 32 haitakubali hata ubembeleze vipi.

mwenye mada
Asanteni sana. Dada wa Mombasa, nina mashine ya pili hapa inaonyesha Code 39 hiyohiyo, nilikuwa nimeshaamua kuiformati leo usiku na kazi za wateja zimo ndani. Naanza na UpperFilters, nitaleta majibu.