MREJESHO: Mbwa jike anayepata joto (kipindi cha kutaka dume) bila mpangilio, Mwanza

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu jike wangu wa German Shepherd hapa Nyegezi: damu inatoka siku chache, inakata, wiki kadhaa baadaye inarudi, na akipandishwa hashiki mimba.

Mliosema ni joto lililokatika mlipatia. Damu ya kwanza inakuja bila mayai kutoka, hivyo kuhesabu siku 10 hadi 14 kuanzia hapo ili kumpandisha ni kupoteza dume bure. Tumesubiri damu iliporudi. Daktari wa mifugo akachukua ute ukeni kwa kijiti cha pamba. Chini ya hadubini seli zilipokuwa karibu zote bapa, zenye kona, dalili kwamba joto limekolea, tukaanza kupima projesteroni (homoni ya damu inayopanda mayai yanapokaribia kutoka). Ikifika kama nanogramu 5 kwa mililita, mayai yanatoka, ila bado machanga, yanahitaji kama siku 2 kukomaa.

Tatizo likawa majibu: sampuli ilisafirishwa, yakachelewa, tukampandisha siku ya 4 baada ya mayai kutoka, siku hiyo tu. Mimba imeshika, ultrasound ya siku ya 28 imeonyesha mapigo ya moyo, ila vitoto vinaonekana vichache. Vitamini za "kurekebisha joto" hazikusaidia chochote, msinunue. Kuzaa tunahesabu siku 63 tangu mayai yatoke, si tangu apandishwe.