Kengele ikigongwa anatimua mbio: nimsaidieje mwanafunzi mwenye usonji?

Mwl_Korogwe: Habari zenu. Nafundisha darasa la pili, watoto 78. Mmoja, nitamwita Juma, ana usonji (autism). Kwa namba ni hodari: anapanga vifuniko vya soda kumi kumi hadi mia, ukimchomolea kimoja anajua. Shida ni kelele. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni, hatua chache tu kutoka dirishani. Ikigongwa anaziba masikio na kutoka mbio. Mara mbili tumemkuta barabarani. Wenzangu wanasema achapwe. Mkuu anataka ahamie shule yenye kitengo maalumu, lakini ni mbali, ni bweni, na mama yake ana huyohuyo tu. Nifanyeje?

Mama_Wawili: Pole mwalimu, na asante kwa kutomchapa. Wangu yuko la nne. Mwalimu wake alikuwa anamwonyesha kitambaa chekundu kabla ya kengele, wanatoka taratibu hadi nyuma ya stoo, inawakuta hukohuko. Halafu usimlazimishe akutazame usoni. Wangu akikutazama hasikii. Akitazama ukuta, neno halimpiti.

Kaka_Mjini: Hayo ni mapepo, mpelekeni akaombewe.

Ticha_Kitengo: Kaka, mtu huzaliwa na usonji. Kuombewa aombewe kama sisi sote, lakini kesho yuko darasani. Mwalimu, mbali na kengele, kuna makofi. Watoto 78 wakiitikia "Shikamoo mwalimuuu", halafu makofi ya kilo kila anayepata jibu, huyo atatulia saa ngapi? Kwangu tunashangilia kwa kupunga mikono juu kimyakimya. Wiki ya kwanza walicheka mpaka basi. Mchoree pia ratiba ya siku kwa picha, kila kipindi kikiisha anafuta. Kuhusu kuhama, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na kusaidiwa humo. Nenda wewe kwenye hicho kitengo, ukae siku mbili ujifunze.

Mwl_Korogwe: Makofi! Na mimi ndiye ninayeyaagiza.

Mwl_Korogwe: Nimerudi, wiki mbili sasa. Rimu imegoma kuhama. Mkuu anasema la saba hawatasikia. Ila kwa kitambaa Juma hajakimbia tena, isipokuwa Jumanne, nilipojisahau. Picha ndizo zina vituko. Leo kafuta kikombe cha uji ubaoni kabla uji haujaiva, akabeba bakuli lake akaenda kusimama jikoni. Mpishi kaniita niende kumweleza. Nimeishia kuchora kikombe kingine, na sufuria inayotoa mvuke pembeni.