Programu ya kupanga nyimbo na filamu: diski ya TB 1, nichukue ipi?

DukaKondele (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Diski ya nje ina nyimbo kama 30,000, benga, rumba na ohangla, pamoja na filamu na video za harusi. Nyingi zinasomeka "Track 01". Bendi ya Shirati Jazz imeandikwa kwa namna nne. Kompyuta ni Windows 10, RAM GB 4. Nataka programu moja ipange kila kitu.

SautiSafi (Nakuru)
Moja haitoshi, ndugu. Anza na lebo zilizo ndani ya faili (jina la msanii, wimbo, albamu), kwa sababu ndizo zinazosomwa na kila programu utakayoweka baadaye. Pakua MusicBrainz Picard, programu ya kujaza lebo hizo, ni ya bure. Nakili albamu chache kwenye folda ya majaribio, ziburute ndani, bonyeza "Cluster" (huzikusanya kwa albamu) kisha "Lookup" (huzitafuta kwenye hifadhi ya MusicBrainz). Zisizo na lebo kabisa zipeleke "Scan": hupima sauti yenyewe na kuilinganisha na hifadhi ya AcoustID, kwa hiyo lazima uwe na intaneti. Hakikisha "Rename Files" na "Move Files" zimezimwa, la sivyo "Save" itahamisha faili kabla hujakagua. Linganisha urefu wa wimbo kabla ya kukubali. Rumba ya Franco, yule wa Kongo, hupatikana kwa urahisi. Benga ya santuri za zamani mara nyingi haimo.

MtunzaSanturi
Na zilizotolewa kwenye kanda, "Scan" huzikosa hata kama wimbo umo: deki iliyochoka hubadilisha kasi, alama ya sauti haifanani tena. Hizo ni kazi ya Mp3tag, programu ya kuandika lebo kwa mkono. Faili ikiitwa "msanii - wimbo", chagua zote, fungua Convert, "Filename - Tag", andika %artist% - %title%. Shirati je? Panga kwa safu ya Artist, chagua nyimbo zote zenye namna hizo nne, andika jina moja kushoto, hifadhi. Albamu za mikusanyiko, zenye wasanii wengi, zijazie Album Artist "Various Artists", vinginevyo albamu moja itavunjika vipande kwa kila msanii.

Tafadhali sana, usifute nakala kwa kufuata jina pekee! Santuri ndogo za benga ziligawa wimbo sehemu mbili, upande A na B. Ukifuta moja umepoteza nusu ya wimbo, na gitaa mara nyingi hukolea sehemu ya pili.

DukaKondele
Asanteni sana. Na filamu?

SautiSafi
Jellyfin, programu ya kupanga filamu kwenye kompyuta na kuzirusha hadi TV. Kila filamu folda yake, jina na mwaka kwenye mabano. Harusi ziwekee maktaba ya "Home Videos and Photos", isizitafutie mabango ya sinema mtandaoni. RAM hiyo inatosha mradi TV icheze faili ilivyo. Kompyuta ikilazimika kubadilisha muundo wa faili wakati TV inacheza, inaweza kukwama. Nyimbo sikiliza kwa MusicBee, programu ya kuchezea muziki. Nunua diski ya pili na unakili yote kabla ya kugusa lebo hata moja.