Naomba ushauri: nataka kuprinti hundi mwenyewe hapa Mafinga, inawezekana?

Paini_Mbichi:
Wakuu, heshima yenu.

Nipo Mafinga, nashika vitabu vya biashara ya mbao ya familia. Kila mwisho wa mwezi naandika hundi kama 30 hivi: wenye mashamba ya miti, wenye malori, duka la vipuri vya misumeno. Wanaosaini ni wawili, mzee na dada yangu. Tafadhali msiniletee habari za app ya benki. Mzee anataka aishike karatasi, avae miwani, asome jina la mlipwaji mpaka herufi ya mwisho, ndipo asaini. Hilo nilishalikubali zamani.

Shida ni mwandiko wangu. Mwezi uliopita zimerudi mbili. Ya kwanza, 1 yangu ilisomeka 7. Ya pili nilikosea jina nikarekebisha juu kwa juu, mzee akasaini pembeni, dirishani wakasema hapana. Mwenye lori alitoka Makambako na hasira zake mpaka ofisini.

Kaka yangu yuko Minnesota, Marekani. Yeye hununua karatasi tupu za hundi, anafungua programu ya kuprinti hundi, anatoa kila kitu mezani kwake, hadi zile namba za chini. Laptop yake ya zamani amenipa mimi. Jana nimetoa moja kwenye A4, inapendeza kweli. Kabla sijajiaibisha, huku inakubalika?

DirishaLaTatu:
Mkuu, hiyo A4 ichane leo leo. Nimekaa kaunta miaka sita, nakwambia kwa upendo.

Kwao mteja anaruhusiwa kutengeneza hundi yake, na karatasi zake zinauzwa madukani kama daftari. Huku kitabu kinatoka benki, kila karatasi ina namba yake na inajulikana imetolewa kwa akaunti ipi. Zile namba za chini zina wino wenye chembe za sumaku, mashine inazisoma. Wino wako wa kawaida hauna hiyo sumaku, na karatasi yako haina alama za usalama. Tangu 2015 benki zinabadilishana picha za hundi kupitia mfumo wa Benki Kuu, kwa hiyo kitu chochote cha ajabu kinaonekana haraka.

Ila unaweza kuchukua karatasi ya kitabu chako halali, ukajaza jina, tarehe na kiasi kwa printa. Makampuni yanafanya hivyo kila siku. Pitia kwanza tawi lako uwaambie, wasije wakashtuka. Sahihi ziwe za kalamu. Na kama kuna malipo yanayozidi milioni 10, usihangaike na hundi, hayo ni ya TISS, mfumo wa Benki Kuu wa kuhamisha pesa kati ya benki.

Kipengere77:
Si umpe dada aandike?

Paini_Mbichi:
@Kipengere77 dada anaandika kama daktari. Ukoo mzima tuko hivyo.

UyoleGreda:
Mimi nafanya hivyo hapa Uyole, biashara ya viazi. Nilianza na GnuCash, programu ya kutunza hesabu, ni ya bure, ina sehemu ya kuprinti hundi, na unaweza kupanga vipimo vyako mwenyewe. Usichague mipangilio iliyomo, ni ya hundi za Marekani, jina lako litaangukia kwenye tarehe. Chukua rula, pima kwa milimita kutoka ukingoni hadi kila mstari.

Kero yangu: kiasi kwa maneno inaandika Kiingereza, na mwishoni inaweka "00/100". Senti! Nani ameziona senti Uyole? Nikahamia kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, maneno nayaandika mwenyewe, "Shilingi milioni mbili laki nne tu". Hapo kuwa makini kuliko popote. Kisheria maneno yakipingana na tarakimu, maneno ndiyo yanayohesabika, lakini kaunta hawakai kubishana sheria, wanairudisha tu.

Karatasi ya hundi ni ndogo, printa inaivuta upande. Ibandike juu ya A4 kwa selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kipande kimoja tu upande unaotangulia kuingia. Kabla ya hapo toa nakala kwenye karatasi tupu, iweke juu ya hundi, zielekeze dirishani kwenye jua. Utaona kama zimekaa. Mimi niliruka hatua hiyo siku moja, nikaharibu hundi nne kabla ya chai.

Nzovwe_Mgeni:
Printa ya wino wa maji achana nayo. Hundi ikishikwa na mkono uliolowa, jina linatambaa. Tumia ya leza, na ukitoa tu sugua kidole: tona, ule wino wa unga, ikibanduka, haijaiva vizuri, na mwenye nia mbaya ataibandua pia. Nafasi inayobaki baada ya jina na baada ya maneno, piga mstari. Na ile mistari miwili ya "A/C Payee Only", ili pesa iingie kwenye akaunti ya mlipwaji tu, usisahau.

Paini_Mbichi:
Mrejesho, wakuu. Tawini wamekubali. Nimepima, nimeelekeza dirishani, nimeharibu moja tu. Mzee kaishika, kaigeuza, kavua miwani kavaa tena: "Huu mwandiko wa nani?" Nikamwambia wa mashine. Akasaini zote 27 bila swali jingine.

Vishina, vile vipande vinavyobaki kitabuni, bado nimejaza kwa mkono. Dada kaja jioni kuvihakiki, kaniuliza mwenye lori tumemlipa laki saba kwa safari gani. Ilikuwa laki moja.