Naomba ushauri: kamera nafuu ya kurekodi taarabu

Salaam wanajamvi. Natafuta kamera ya video ya kurekodi taarabu kwenye harusi za hapa Mji wa Kale, Mombasa. Bajeti haizidi shilingi 40,000, hata ya mtumba sawa. Picha ya simu naridhika nayo, ila spika zikikolea sauti yapasuka, na hapo uhondo wote wa fidla na kinanda hupotea. Kamera ndogo ya video iitwayo Zoom Q2n-4K imenivutia kwa maikrofoni zake za stereo zinazohimili sauti kubwa, lakini lenzi yake haivuti mbali, hivyo ni lazima iwekwe karibu, na akina mama wakisimama kutuza, mwimbaji huzibwa. DSLR za zamani (zile kamera kubwa za picha za kubadilisha lenzi) sizitaki, nyingi hukata video kabla ya nusu saa. Je, nichukue hiyo Zoom, au kamkoda (kamera ya video ya mkononi) yenye tundu la kuchomeka maikrofoni?